Mgongo wa Mzee Lubowa

Siku niliyoripoti kazini kwa mara ya kwanza nilikuwa nimevaa viatu vya dada yangu, na vilinibana hivi kwamba nilimsalimia Mkuu wa Tarafa nikiwa nimekunja uso. Akadhani nina kiburi. "Binti," akaniambia, "hapa hatuajiri watu wa kununa. Wa kununa tunao wa kutosha." Ndivyo nilivyoanza kuitumikia serikali katika mji wa Kampala, na niliitumikia mpaka nywele zikawa nyeupe, katika cheo kile kile kisichopanda wala kushuka: ofisa wa parokia.

Vijana wengi wakisikia parokia wanafikiria padri. Huku Uganda parokia ni ngazi ya utawala pia. Chini kabisa kuna zoni, yaani mtaa, nayo ina baraza lake ambalo watu huliita LC. Mwenyekiti wa baraza hilo tunamwita kwa Kiganda ssentebe. Zoni kadhaa zikiunganishwa ndiyo parokia, na hapo ndipo nilipowekwa mimi. Ssentebe huchaguliwa na majirani zake, ofisa wa parokia huletwa na serikali. Kazi yangu ilikuwa kuwaambia watu serikali inataka nini, na kuiambia serikali watu wamesema nini. Hiyo ya pili wakubwa wangu hawakuipenda sana.

Naandika haya kwa sababu wajukuu zangu walio chuo kikuu huja hapa nyumbani na maneno makubwa. Juzi mmoja wao alinieleza habari ya uhalali wa serikali: mara katiba, mara uchaguzi, mara kutambuliwa na mataifa ya nje. Nilimsikiliza mpaka chai yake ikapoa. Kisha nikamwuliza, "Na mtu akipigiwa kelele za mwizi hapo nje sasa hivi, nani atatoka watu wamsikilize?" Akacheka. Mimi sikucheka, maana swali hilo lilimgharimu mtu ninayemjua mkono wake wa kulia.

Lakini nisitangulie mambo. Mimi ni mwana wa kambi. Baba yangu alikuwa mwanajeshi kutoka Nile Magharibi, na sisi watoto wa kambini Kiswahili ndicho tulichonyonya. Mjini, enzi hizo, Kiswahili hakikuwa lugha ya kumkaribishia mgeni chai. Kilikuwa lugha ya amri, ya vizuizi barabarani, ya watu wanaogonga mlango kwa kitako cha bunduki. Mtu wa Kampala akisikia "wewe, kuja hapa," hakungoja sentensi ya pili.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa upande wa Nakivubo. Asubuhi moja Mkuu wa Tarafa akanituma nikawaondoe wachuuzi waliopanga bidhaa zao juu ya mfereji, kwa kuwa mafundi walitaka kuuzibua kabla ya mvua. Nilijaribu Kiganda changu, wakaendelea kupanga soksi. Basi nikawatolea sauti ya marehemu baba: "Ondoka hapa! Haraka!" Nawaambia, hawakukunja hata turubai. Walitawanyika kama kuku walioona mwewe, wengine wakaacha kandambili zao pale pale. Nikarudi ofisini nimevimba kichwa.

Mkuu wa Tarafa alikuwa mzee mwembamba mwenye desturi ya kufuta miwani kila anapokasirika. Aliivua akaanza kuifuta.

"Wamehama?"

"Wamehama, mzee."

"Wamekutii?"

"Ndiyo, mzee."

"Hapana, binti. Wamekukimbia. Siku watakapogundua huna bunduki watakurushia nyanya. Rudi ukawaombe radhi, halafu uwaeleze habari ya mfereji."

Nilirudi roho mkononi. Nilieleza kwa Kiganda kibovu, wanaume nikiwaita nnyabo na wanawake nikiwaita ssebo, yaani nimewageuza wote jinsia. Walicheka hadi mama mmoja akakaa chini. Baadaye wakahamisha vitu vyao wenyewe, na yule mama ndiye aliyekuwa akiwahimiza wenzake. Mvua ilipokuja, maji yalipita mferejini badala ya kupita kwenye bidhaa zao. Tangu siku hiyo nikipita pale naitwa "Ssebo wetu," na nikisema jambo linafanyika.

Kutoka hapo nilipelekwa kwenye parokia ya karibu na Owino. Mkitaka kujua serikali inasimamaje, nendeni Owino asubuhi soko linapofunguliwa. Watu wote wale, mizigo yote ile, vichochoro ambavyo hata paka anapita kiubavu, na askari ni wa kutafuta kwa tochi. Mbona hawachinjani? Kwa sababu kila safu ina mkubwa wake. Wauza vitunguu wanaye, wa mitumba wanaye, hata wanaobeba mizigo wanaye, na ugomvi ukizuka huyo ndiye anayetazamwa kwanza. Pale nilianza kuelewa kwamba serikali haina sauti yake yenyewe mitaani. Inaazima sauti za watu wa namna hiyo. Na kitu cha kuazima, ukikishika vibaya, mwenyewe anakuja kukichukua.

Kituo changu cha mwisho, nilichokaa kuliko vyote, kilikuwa Kabalagala. Watu wanaijua Kabalagala ya baa na nyama choma. Nyuma ya hizo baa, ukishuka bondeni, kuna watu wanaolala mapema kwa sababu wana kazi kesho. Mojawapo ya zoni zangu za huko nitaiita Zoni ya Bomba, kwa ajili ya bomba la maji la jumuiya lililokuwa katikati yake. Jina lake la kweli niachieni mwenyewe. Walikaa humo Waganda, Wakenya wenye maduka, ndugu zangu wa Nile Magharibi, na Wakongo waliokimbia vita vya mashariki kwao.

Ssentebe wa zoni hiyo alikuwa Mzee Lubowa, muuza makaa. Mikono yake haikutakata hata siku ya Krismasi. Barazani kwake palikuwa na benchi refu la mbao, na benchi hilo lilikuwa na alama nyeusi za viganja vyake, maana alipokuwa akisikiliza kesi alikuwa na mazoea ya kulishika ukingoni.

Nieleze jinsi alivyochaguliwa, kwa faida ya wasioijua desturi yetu. Uchaguzi wa zoni hauna karatasi wala sanduku. Wagombea husimama mbele, na kila mkazi anakwenda kusimama nyuma ya mgongo wa anayemtaka. Mstari unaota pale pale, mchana kweupe, jirani akimwona jirani. Ofisa wa parokia anapita akihesabu kwa sauti, na aliyehesabiwa anachuchumaa asije akahesabiwa tena. Mgombea mwenye adabu hageuki nyuma mpaka hesabu iishe. Mwaka ule aliochaguliwa Lubowa, mstari wake ulipita bomba ukapinda kona, nikaufuata hadi sauti ikanikauka.

Siku moja nikiwa kwenye ziara zangu za kila mwezi nilimwona akifanya kazi yake. Umati ulikuwa umemzunguka kijana wa bodaboda, watu wanapiga kelele "mubbi, mubbi," yaani mwizi, na mawe yameshaokotwa. Lubowa hakukimbia. Alifika akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Aliyeibiwa ni nani?" Umati wa kupiga mwizi mara nyingi haumjui aliyeibiwa, unajua tu kupiga. Watu wakaanza kutazamana. Mama mmoja akainua mkono. "Njoo ukae," akamwambia, akamshika mkono akampeleka kwenye benchi. Mama alipokaa akaanza kueleza, na waliokuwa na mawe wakanyamaza ili wasikie. Kisha kijana naye akaketishwa ncha ya pili. Hapo ghasia ikageuka kesi. Ikaonekana kwamba kijana alibebeshwa tu mtungi wa gesi wa yule mama na abiria ambaye alikwisha kutoweka.

Walipotawanyika nikamwuliza, "Ssentebe, ungefanyaje kama wasingekusikia?"

"Ningepigwa pamoja naye," akasema. "Wanajua hivyo. Ndiyo maana wananisikia."

Katika zoni hiyo alikuwepo fundi simu mmoja kutoka Kongo, jina lake Bahati. Alipofika hakuna aliyetaka kumpangisha kibanda, wakisema wakimbizi huondoka usiku na deni. Lubowa akamwambia aweke meza yake mbele ya duka la makaa. Basi simu zikawa zinatengenezwa pale na vumbi la makaa linaruka, na Bahati anaimba nyimbo za kanisani huku anapuliza vumbi kwenye vyombo vyake. Vidole vyake vilikuwa vyembamba, vyepesi, na mkono wa kulia haukutetemeka hata akishika kijipande ambacho mimi siwezi kukiona bila miwani. Simu yangu aliifufua mara nyingi mno. Kila nikimwambia ninunue mpya, hujibu, "Mama, usitupake mutu juu ni muzee," yaani mtu hatupwi kwa sababu amezeeka.

Sasa muda wa mabaraza ukaisha. Uchaguzi ukaahirishwa, ukaahirishwa tena. Leo ni fedha hakuna, kesho ni sheria inarekebishwa. Wajuzi wa sheria waliniambia kwamba kwa haki kabisa Lubowa hakuwa ssentebe tena. Nikaenda kumweleza, maana ndiyo kazi yangu.

"Kwa hiyo mimi si kitu?"

"Kisheria, mzee."

"Basi waambie wasije."

Wakaendelea kuja. Wenye mipaka walikuja, wenye ndoa mbovu walikuja, wanaouziana vyumba walikuja atie muhuri ule ule uliofifia. Miaka ikapita hivyo, na wengine wakakua wakawa na watoto bila kujua kwamba kiti kile huombewa kura. Mimi nilifurahi. Nilisema, tazama, watu wenyewe wamempa uhalali kuliko karatasi yoyote. Nilisema kweli, lakini sikuona kilichokuwa kinaharibika chini chini.

Hatimaye uchaguzi ukatangazwa. Akajitokeza kijana aitwaye Denis, mwenye duka la vinywaji huko juu kwenye baa. Denis hakuwa mtu mbaya, na wala sitaki mmchukie. Alikuwa mchangamfu, anajua majina ya watoto wa watu. Lakini nyuma yake alikuwapo mkubwa fulani wa siasa aliyetaka kila zoni iwe na mtu wake. Mahema yakaja, sukari ikagawiwa. Lubowa yeye alizidi kuuza makaa. Nikamwambia, "Mzee, zunguka basi uwasalimie." Akasema anawasalimia kila siku wakija kununua.

Siku yenyewe, gari jeusi lilikuja likasimama karibu na bomba, kioo kimeshushwa nusu. Yule mkubwa hakutoka wala hakusema neno. Alikaa tu akitazama. Denis na Lubowa wakasimama mbele, kila mmoja na mgongo wake. Nikatangaza mistari ianze. Watu wakalitazama gari, wakamtazama mzee, wakakuna vichwa, wakaenda nyuma ya Denis. Niliona kila uso. Nalongo, mama wa mapacha anayeuza chapati kwenye kona, ambaye Lubowa alimpatanisha na mumewe mpaka wakabaki pamoja, alikwenda akisoma ardhi. Bahati, kwa kuwa ni mkimbizi hana kura, alisimama pembeni na bisibisi yake mkononi.

Nilihesabu mstari wa Lubowa, ukaniishia mdomoni. Nikahesabu wa Denis, nikafika bomba, nikapinda kona. Nilipotangaza, Lubowa ndipo akageuka. Aliwatazama mmoja mmoja pale walipochuchumaa. Kisha akampa Denis mkono, na Denis akabaki na kiganja cheusi, hajui akipangusie wapi.

Kesho yake asubuhi nilipita kumpa pole. Nani nimkute amekaa kwenye benchi? Nalongo, na kesi ya jirani aliyesogeza meza yake ya chapati! Nikamvuta pembeni.

"Nalongo, huna haya? Jana ulikuwa wapi?"

"Mama, sisi hapana kataa mzee," akasema kwa Kiswahili chake cha mjini, na alinishangaa kweli. "Ile mkubwa alikuwa naangalia. Tumepa Denis laini, basi. Lakini ssentebe si ni huyu?"

Wote walifikiri hivyo. Nilizunguka zoni nzima nikawauliza, jibu ni hilo. Kwa miaka yote ile walikuwa na ssentebe bila kura, basi wakaamini kura si kitu: ni heshima tu unayompa mkubwa aliyekuja na gari, kama unavyompigia makofi, halafu kila mtu arudi kwenye maisha yake. Hawakukusudia kumwondoa mzee wao. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, lakini hawa hawakujua hata kama wameuacha. Na sisi wa serikali ndio tuliowafundisha, kwa kila tangazo la kuahirisha.

Haukupita muda, Karani wa Tarafa akaniita. Huyu ndiye aliyekuwa bosi wangu wa mwisho, mtu wa suti, mwenye kupanga kalamu zake mezani kwa urefu.

"Mama Ayikoru, nasikia kuna mahakama haramu kwenye parokia yako."

"Kuna benchi, Bwana Karani. Na mzee wa makaa."

"Denis amelalamika. Ana muhuri, ana ofisi, na hakuna anayekwenda. Serikali haiwezi kuwa na viti viwili katika zoni moja."

"Kweli. Lakini ukiondoa kile watu wanachokikalia, utabaki na kile wasichokikalia."

"Watazoea," akasema, akasogeza kalamu moja ilingane na wenzake. "Kamwambie kusikiliza kesi bila mamlaka ni kosa. Mwambie kwa upole."

Nilibishana naye hadi akaangalia saa. Kisha nikaenda, kwa upole, kama nilivyotumwa. Lubowa alikuwa anapima makaa kwa kopo.

"Serikali imesema?" akauliza.

"Imesema, mzee."

Akapangusa mikono, akalishika benchi ncha moja, akamwita Bahati ashike ya pili, wakaliingiza ndani ya stoo, akapanga magunia juu yake. Nilitamani abishe. Nilitamani anitukane hata. Alirudi kwenye kopo lake akamalizia kumpimia mteja, na akamwongezea vipande viwili vitatu vya bure kama kawaida yake.

Msiba ukaja mchana mmoja wa kawaida. Nilikuwa ofisini kwa Denis, ananieleza mpango wake wa taa za barabarani, tukasikia kelele. Kuna mtu alikuwa amempelekea Bahati simu atengeneze kioo. Ilikuwa ya wizi. Mwenye simu akapita, akaiona mezani, akapiga yowe. Tulipofika, Bahati alikuwa amekwisha kuvutwa katikati ya barabara.

Denis alijaribu, Mungu ni shahidi. Alipanda juu ya jiwe akapaza sauti: "Jamani, mimi ni ssentebe wenu! Nasema mwacheni!" Mtu mmoja akajibu kutoka nyuma, "Ssentebe wa sukari!" Watu wakacheka, na kile kicheko kilinitisha kuliko mawe. Akapiga simu polisi, gari lao likawa limekwama kwenye foleni huko juu. Basi nikaita roho ya baba yangu, nikawafokea kwa Kiswahili cha kambi kwa nguvu zangu zote. Hakuna aliyetawanyika. Kijana mmoja aligeuka akaniambia, "Jjajja," yaani bibi, "nenda nyumbani upumzike." Woga nao huzeeka, kumbe. Waliokimbia Nakivubo walikuwa mama zao.

Nalongo akakimbilia dukani kwa Lubowa, nami nyuma yake. Mzee alikuwa amekaa juu ya gunia. Kelele alizisikia, zilikuwa hatua chache tu.

"Ssentebe, njoo! Wanamuua!"

"Ssentebe mnaye," akasema. "Mlimchagua. Mimi nauza makaa, na serikali imenikataza."

Nalongo akapiga magoti kwenye vumbi jeusi. "Ssebo, ni Bahati."

Hapo ndipo alipoinuka. Sikuwahi kumwona mzee yule akikimbia, siku hiyo alikimbia. Walipomwona wakampisha njia, kama zamani. Akauliza, huku anahema, "Aliyeibiwa ni nani?" Mwenye simu akajitokeza, anaona haya. Mawe yakaanza kudondoka chini, moja moja. Kwa hiyo mnaona, sauti yake walikuwa bado wanayo masikioni. Ilichelewa tu kwa muda wa maneno yale machache. Bahati alikuwa ameegemeza kichwa ardhini, na mkono wake wa kulia ulikuwa umepondwa kwa tofali, vidole havina umbo.

Aliishi. Hospitalini alinitazama akasema, "Mama, sikujuaka kama ile telefone ni ya wizi. Miye niliona tu ni telefone." Kisha akaitazama ile bendeji kubwa nyeupe. "Sasa huu mukono, nitaufanyia nini?" Nilitoka nje nikalia kama mtoto. Baadaye alihamia kwa ndugu zake kambi ya wakimbizi, na sijui kama anaimba huko.

Denis alinijia baada ya hapo, amekonda. "Mama, walinichagua wao wenyewe. Mbona hawanisikii?" Nilimhurumia. Alipewa kiti lakini watu hawakuja nacho. Mpaka leo anahangaika, anazibua mifereji, anahudhuria misiba, na huenda siku moja akazeeka akawa wa kusikilizwa. Lakini jambo hilo halipatikani kwa sukari, na mwanzo wake aliuanza vibaya.

Lubowa yeye aliniambia neno moja tu kuhusu siku ile, tukiwa tumekaa dukani kwake. "Niliwaona walivyochuchumaa, Mama. Wote. Nilipowasikia wanapiga kelele nilisema moyoni, ngoja waone." Akaokota kipande cha makaa akakirudisha kwenye kopo. "Sasa tumeona."

Nimestaafu. Waliniaga kwa keki na hotuba, Karani wa Tarafa akanisifu kwa utii, na neno hilo lilinichoma. Nilikaa katika serikali umri wangu wote wa kazi, chini ya wakubwa wengi, na nikiulizwa leo ni nini kinachoiweka serikali madarakani, sitawaficha. Bunduki husaidia, kwa muda. Mahema na sukari husaidia siku moja. Uchaguzi ni kitu kikubwa, na ole wao wanaouchezea. Lakini vyote hivyo vinategemea jambo dogo: mtu anapoinua jiwe, kuna sauti ambayo akiisikia atalishusha, na si kwa kuwa anaiogopa. Sauti hiyo serikali haiwezi kuitengeneza. Inaweza kuitunza, au kuinyamazisha kwa upole, kama nilivyotumwa mimi.

Nina chumba hapa hapa kwenye Zoni ya Bomba. Hivi majuzi uchaguzi ulikuja tena. Watu walimwendea Lubowa wakimsihi asimame, Nalongo akiwa wa kwanza, safari hii wakiapa kwamba watapanga mstari wake hata magari yaje kumi. Aliwapimia makaa, akawaambia hapana.

Siku ya kura nilitoka. Maisha yangu yote nilikuwa nikihesabu mistari ya wengine, sijawahi kusimama kwenye wowote. Denis alisimama pale mbele na kijana mwingine nisiyemjua. Ofisa mpya wa parokia, binti mwenye viatu vizuri, akaniuliza, "Jjajja, wewe upande gani?" Nikatazama migongo ile miwili. Kisha nikaona pale bombani, akiwa ameinama, Mzee Lubowa anachota maji, ametugeuzia mgongo sisi sote.

Nikaenda nikasimama nyuma yake.

Alisikia hatua zangu, lakini hakugeuka. "Jerikeni lako liko wapi, Mama Ayikoru?"

"Sikuja na jerikeni, mzee."

Maji yakajaa, yakaanza kumwagika juu ya viatu vyake, na yeye ameshika tu koki haifungi. Nyuma yetu nilimsikia yule binti ameanza kuhesabu mistari yake kwa sauti. Mwishowe mzee akafunga maji, akanyanyua jerikeni.

"Umechelewa, mwanangu," akasema, bila hasira, akaenda zake dukani.